Mficha Uchi Hazai: Nyaya za Meno na Ujauzito



Nianze na mama mmoja ambaye sitamtaja jina. Alikuwa na miaka 29, na nyaya zake za meno alizilipia kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara wake. Kwa miezi minane alihudhuria kila mwezi bila kukosa, kisha akapotea. Tulimpigia simu, hakupokea. Aliporudi ilikuwa imepita miezi mitano na mimba inaonekana wazi. Aliniamkia, akaketi, akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga, akasema: "Daktari, naomba unitoe hizi nyaya. Mama mkwe anasema zinamnyonya mtoto."

Aliposhusha kanga niliona kilichomrudisha. Fizi za chini zilikuwa zimevimba na kupanda juu ya vishikizo, vile vidude vidogo vinavyogandishwa kwenye jino, na zilitoka damu kwa kuguswa tu. Nyuma ya gego la mwisho waya ulikuwa umechomoka na kumchimba shavu. Nilimwuliza kwa nini hakuja mapema. Alijibu kwa sauti ya chini: "Mimba ilikuwa changa, daktari. Sikutaka ijulikane."

Jibu hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Methali hii siku hizi tunaitumia kwa mambo mengi, ya fedha, ya ndoa, hata ya siasa, lakini picha yake ni ya chumba cha kujifungulia: anayemwonea haya mkunga hawezi kuzalishwa. Mimi naomba tuipeleke pia kwenye kiti cha daktari wa meno. Mwanamke mwenye nyaya akishika mimba, kwa kawaida hana haja ya kuzitoa, na hana sababu ya kuikimbia kliniki ya meno. Anachotakiwa ni kusema mapema kwa daktari wake wa meno na kwa mkunga wake, ili wote watatu waipange safari pamoja. Kila nitakachoeleza kinarudi hapo.

Tuangalie kwanza kwa nini mambo haya mawili hukutana. Zamani tulizoea kuona nyaya kwenye vinywa vya watoto wa shule. Leo wapo pia watu wazima wanaozifunga, ambao utotoni wazazi wao hawakuwa na uwezo, na wameanza kujilipia walipopata kazi. Matibabu huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, pengine mitatu. Mwanamke anayefunga nyaya akiwa na miaka 25 au 30 anazifunga katika miaka ileile anayotarajia kupata watoto. Kwa hiyo mimba kuingia katikati ya matibabu ni jambo la kutarajiwa, nasi madaktari tunapaswa kulizungumza siku ya kwanza kabisa, kabla gundi haijagusa jino.

Sasa tuuchukue woga wa yule mama mkwe kwa heshima, maana haukutoka hewani. Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Limeshikwa ndani ya shimo lake na nyuzi laini zilizo hai. Waya unapolisukuma, upande unaobanwa huja chembehai zinazomeng'enya mfupa, na upande ulioachwa wazi huja nyingine zinazojenga mfupa mpya. Hivyo jino husogea, kwa kadiri ya milimita 1 kwa mwezi. Haba na haba. Mtu akisikia kwamba mfupa unamomonyolewa kinywani mwa mjamzito, ni haki yake kuuliza: je, chokaa hiyo haitoki kwenye fungu la mtoto?

Haitoki. Mfupa unaoguswa ni ukingo mwembamba kuzunguka mzizi, na ukibomolewa upande huu unajengwa upande ule. Mtoto hupata kalisiamu kutoka kwenye chakula cha mama: dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, mchicha, maharage. Chakula kikipungua, mwili wa mama huchota kwenye mifupa yake, lakini hauwezi kuchota kwenye meno. Ganda gumu la jino, enameli, halina mishipa ya damu ya kubeba madini yake kwenda popote. Ile imani kwamba kila mtoto humgharimu mama jino moja imewafanya wanawake wengi waone kuoza kwa meno ni sehemu ya uzazi. Meno ya mjamzito huharibika kwa sababu nyingine, na sababu hizo tunaweza kuzizuia.

Wapo pia wanaouliza kama mimba hufanya meno yakimbie kupita kiasi. Swali ni zuri, kwa kuwa mwili wa mjamzito hutoa homoni iitwayo relaksini, inayolegeza viungo vya nyonga. Majaribio kwa panya yalitoa majibu yanayopingana. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwadunga relaksini watu waliokuwa wakisogezwa meno, wakiwalinganisha na wengine waliodungwa sindano isiyo na dawa. Meno ya makundi yote mawili yalisogea sawa. Ninachokichukua hapo kama daktari ni kutumia nguvu ndogo, kumwona mgonjwa mara kwa mara, na kutomtisha.

Hatari ya kweli iko kwenye fizi. Projesteroni na estrojeni zinapopanda, mishipa midogo ya damu kwenye fizi hutanuka, na fizi hupokea uchokozi mdogo kwa hasira kubwa. Mchokozi ni ukoga, ule utando laini wa bakteria unaorudi kwenye meno saa chache baada ya kupiga mswaki. Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa kinakadiria kwamba asilimia 60 hadi 75 ya wajawazito hupata uvimbe wa fizi. Hao ni wanawake wa kawaida, wengi wao bila waya wowote. Mwongezeeni sasa mmoja wao vishikizo zaidi ya ishirini, kila kimoja na pembe zake za kuhifadhi mabaki ya ugali na mchuzi, mtaona kwa nini yule mama alirudi na fizi zilizopanda juu ya chuma.

Wakati mwingine ufizi huota kinyama chekundu, laini, kinachotoka damu ovyo. Huwapata hadi wajawazito 5 katika kila 100, na kinapotokea huleta kilio nyumbani, kwa sababu watu hudhani ni saratani. Si saratani. Mara nyingi husinyaa chenyewe baada ya kujifungua, na ndiyo maana hatukimbilii kukikata, isipokuwa kinazuia kula au damu haikatiki.

Dawa ya haya yote inauzwa dukani kwa bei ndogo: mswaki laini, dawa ya meno yenye floraidi, na ule mswaki mdogo mwembamba wa kupitisha chini ya waya. Fizi zikitoka damu, wengi huacha kupiga mswaki wakiogopa kuziumiza zaidi. Kinachotakiwa ni kusafisha kwa upole na kwa muda mrefu zaidi, asubuhi na usiku. Na mjamzito mwenye nyaya asafishwe meno kliniki angalau mara moja katika ujauzito wake, mapema.

Hapa lazima niwe mkweli kwenu wakunga, msije mkaahidi zaidi ya tunachokijua. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2006, uliohusisha wajawazito 823 nchini Marekani, uliuliza kama kutibu ugonjwa wa fizi wakati wa mimba kunapunguza watoto njiti. Jibu lilikuwa kwamba hakukupunguza. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba fizi za akina mama zilipata nafuu na matibabu hayakuwadhuru wao wala watoto. Tusiwauzie wanawake hofu, tukawaambia fizi chafu zitamtoa mtoto kabla ya wakati. Tuwaambie kwamba wana haki ya kuwa na kinywa kisichouma na kwamba kukitibu ni salama.

Jambo la pili, baada ya fizi, ni kutapika. Tindikali ya tumboni huyeyusha enameli, na kuzunguka vishikizo huacha madoa meupe ya chaki ambayo nyaya zikitolewa hubaki pale yakikutazama. Baada ya kutapika mama asikimbilie mswaki, kwa sababu enameli iliyolainika husuguliwa ikaondoka. Asukutue kwa maji yenye kijiko cha chai kimoja cha soda ya kuokea keki katika kikombe, asubiri kama nusu saa hadi saa nzima, ndipo apige mswaki. Nasema soda ya kuokea, si magadi ya kulainishia maharage. Anayevaa vile vifuniko angavu vya plastiki badala ya waya avivue anapotapika, na avioshe kwa maji baridi kabla ya kuvirudisha.

La tatu ni hamu za mimba, na hapa najua nagusa mambo ya faragha. Dar es Salaam sokoni huuzwa udongo wa kula uitwao pemba. Kenya wengi huuita odowa. Wajawazito huutafuna kipande baada ya kipande. Kipande kigumu kikibanwa kati ya magego, kishikizo hung'oka na waya hupinda. Barafu na muwa hufanya kazi hiyohiyo ya uharibifu, na embe bichi la chumvi na pilipili, ukwaju na ndimu huongeza tindikali juu ya ile ya kutapika. Simkemei mjamzito kwa hamu yake. Namwomba aniambie, tupunguze pamoja. Na habari ya udongo amwambie pia mkunga, kwa kuwa hamu hiyo inaweza kuwa ishara ya upungufu wa damu, na sisi madaktari wa meno hatuwezi kuutibu huo peke yetu.

Nije kwenye eksirei, ganzi na dawa, mambo yanayowafukuza wengi kliniki. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake cha Marekani kilitoa mwongozo ulio wazi: kinga na matibabu ya meno, eksirei za meno na sindano ya ganzi ni salama wakati wa ujauzito. Picha moja ya taya zima humpa mama mnururisho wa takriban milisivati 0.02. Mwanadamu hupokea kama milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, bila kwenda hospitali yoyote. Kwa hesabu hiyo picha ile ni sawa na siku tatu za kuishi tu duniani, tena mwale unaelekezwa tayani, mbali na tumbo. Kinachomfikia mtoto ni kidogo mno. Kwa sababu hiyo, mwaka 2024 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilisema vazi zito la risasi halihitajiki tena kwa mashine za kisasa, ingawa kliniki nyingi bado hulivalisha, na mama akilitaka apewe. Hata hivyo, picha ya kupanga meno si ya dharura. Ikiweza kusubiri, isubiri. Ikihitajika, asinyimwe.

Maumivu ya siku mbili au tatu baada ya kukazwa waya yatulizwe kwa parasetamoli kwa kipimo cha kawaida. Ibuprofeni na diklofenaki mjamzito asijinunulie dukani. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya zisitumike kuanzia wiki ya 20, kwa kuwa zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Na karibu na kujifungua zinaweza kufunga mapema mshipa muhimu karibu na moyo wake. Zaidi ya hayo, dawa za kundi hilo zinaweza kupunguza kasi ya meno kusogea. Antibiotiki za jamii ya tetrasaiklini nazo zikae mbali. Wakati mama anapangwa meno, mtoto tumboni anajengewa yake: kuanzia mwezi wa nne hivi meno ya utoto huanza kuingiza madini, na tetrasaiklini ikipita hapo huacha rangi isiyofutika.

Basi tufanyeje? Mwanamke ambaye bado hajafunga nyaya na tayari ni mjamzito, mimi humshauri asubiri. Kuanza kunataka picha kadhaa, kunataka kuuma bakuli la ute mzito ili tupate umbo la meno, jambo linalomtapisha hata asiye na mimba, na pengine kung'oa magego madogo manne ili kupata nafasi. Hakuna lolote kati ya hayo lisiloweza kungoja. Miezi hiyo aitumie kusafisha na kuziba meno yaliyotoboka, ili aanze matibabu na kinywa kizima baada ya kujifungua.

Aliyekwisha kufunga aendelee. Miezi mitatu ya mwanzo twende taratibu, tuheshimu kichefuchefu na uchovu. Miezi mitatu ya kati ndiyo mizuri kwa kazi yoyote ya kliniki. Miezi ya mwisho vikao viwe vifupi, na mama asilazwe chali kabisa, kwa maana uzito wa tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, akasikia kizunguzungu. Awekewe mto chini ya nyonga ya kulia, aegemee kushoto. Anayetapika kupita kiasi, au ambaye fizi zinakataa kutulia, tumwekee waya mwepesi usiosukuma chochote, tupumzike. Kuzitoa nyaya zote ni hatua ya mwisho, na huwa nadra.

Halafu kuna arobaini. Kwetu mzazi hutunzwa ndani siku 40, na utunzaji huo sitaki kuuingilia. Lakini nguvu ya waya na raba haijui arobaini. Daktari akiacha kitu kinachovuta kwa nguvu na mama asionekane wiki nane, meno yanaweza kwenda pasipotakiwa. Kwa hiyo kabla ya wiki ya 36 nataka kumwona mara moja zaidi: niondoe kinachovuta, nikate ncha za waya, nimpe nta ya kufunika panapokwaruza. Chakula cha mzazi chenyewe ni rafiki wa nyaya, mtori na uji havijawahi kuvunja kishikizo. Na siku ya kujifungua, mwenye vifuniko vya kuvua avivue, na mwenye nyaya awaambie wauguzi, endapo atahitaji upasuaji na dawa ya usingizi.

Sasa nirudi kwenye ile kauli, "sikutaka ijulikane." Sitawaambia wanawake watangaze mimba changa. Desturi ya kuificha ina hekima yake: mimba za mwanzo huharibika, na mwanamke hapendi kuomboleza mbele ya mtaa mzima. Lakini miezi anayoificha ndiyo miezi ambayo fizi huanza kuvimba, kutapika hupamba moto, na dawa mbaya humezwa bila kujua. Basi jukumu la kwanza ni letu madaktari. Tuulize kila mara, kwa adabu, mlango umefungwa, msaidizi ametoka: "Kuna uwezekano wa ujauzito?" Na tuape kwamba kisemwacho hapo hakitoki, hata mume akija kuuliza.

Jukumu la pili ni lenu wakunga, nami naliomba kwa unyenyekevu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba kanda yetu ya Afrika ina madaktari wa meno kama 3 kwa kila watu 100,000. Wanawake wengi hawatatuona sisi, watawaona ninyi. Tangu mwaka 2016 shirika hilohilo linapendekeza mjamzito aonwe mara 8. Katika mara hizo, moja tu, mwambieni mama afungue kinywa. Mkiona damu, mkiona nyaya, mwandikieni aje kwetu. Hamhitaji kifaa, macho na mwanga wa dirisha vinatosha.

Yule mama hatukumtoa nyaya. Tulimsafisha fizi kwa vikao vitatu, tukakata waya uliomchimba, tukaweka mwepesi. Mama mkwe nilimwita ndani, nikamwonyesha kwenye kioo fizi za mkwewe zikitulia wiki baada ya wiki. Baada ya arobaini walirudi wote: bibi amempakata mjukuu kwenye benchi la nje, mama yuko kitini anamalizia alichokianza. Nyaya zilitoka mwaka uliofuata, akabaki na ritena, kifaa cha kuvaa usiku ili meno yasirudi yalikotoka.

Alikuja kuikagua ritena hiyo miaka miwili baadaye. Nikavuta taa, nikachukua kioo. Akaushika mkono wangu, akasubiri msaidizi atoke.

"Daktari, kabla hujaanza. Nina wiki saba. Nyumbani anajua mume wangu tu."